Kongwa: ardhi iliyobebeshwa lawama za mpango

Taja Kongwa mbele ya mtu aliyesoma historia ya Tanganyika, naye atakujibu: karanga. Mpango ule wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa wingi ulianza 1947 na kufutwa Januari 1951, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na tangu hapo mji huu mdogo wa mkoa wa Dodoma umebaki mfano wa kushindwa. Hukumu yenyewe kwa kawaida ni fupi: walilima mahali pasipolimika.

Hukumu hiyo haikutoka hewani. Kongwa iko kwenye ukanda mkame wa kati, yenye msimu mmoja wa mvua, na hata ndani ya msimu huo mvua inaweza kukata wiki kadhaa wakati mazao yako kwenye maua. Wagogo, wenyeji wa eneo hili, wana kumbukumbu ya Mtunya, njaa iliyoua maelfu kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Udongo nao una mfinyanzi mwingi, ukikosa maji unaganda kama saruji. Kwa karanga hilo ni balaa. Ua la karanga likishachavushwa huteremsha kikonyo chake ardhini, na ganda hukulia humo humo. Udongo ukishakaza, ukivuta shina linakatika mkononi na karanga zinabaki chini. Anayesema Kongwa si Mbeya hasemi uongo.

Ila tuangalie hesabu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizokuwa tayari mwaka ulipokwisha hazikufika 10,000. Watu huisoma tofauti hiyo kama ushindi wa ukame, na hapo ndipo ninapogoma. Ekari zile 140,000 hazikukaushwa na jua, hazikupandwa kabisa. Zilikwama kwenye vichaka vyenye mizizi iliyovunja majembe ya trekta, kwenye mitambo chakavu iliyobaki vitani, kwenye bandari ya Dar es Salaam iliyoelemewa na mizigo, na kwenye reli isiyotosha. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta! Sehemu kubwa ya lengo ilikuwa imeshakufa kabla mvua ya Kongwa haijapata nafasi ya kumwangusha mtu yeyote.

Na kabla ya hapo kuna ujumbe wa 1946 ulioongozwa na John Wakefield kukagua maeneo ya kulima, uliotumia wiki tisa, sehemu kubwa ya ukaguzi ikifanyika kwa ndege, kisha ukapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Wiki tisa hazitoshi kuona hata msimu mmoja kuanzia kupanda hadi kuvuna. Kwa haki, Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba halisi wa mafuta ya kula, na waliokuwa na haraka hawakuwa wote wajinga. Haraka yao inaeleweka. Haibadilishi kipimo cha udongo.

Kama tatizo lingekuwa ukame wa Kongwa peke yake, Urambo (Tabora) na Nachingwea (Lindi) zingeuokoa mpango. Zote mbili zilikuwa kwenye mpango huohuo, zote zinapata mvua nzuri kuliko Kongwa, na zote zilishindwa kufikia malengo. Sijaona jibu la kuridhisha kwa hoja hii kutoka kwa wale wanaoilaumu ardhi.

Mwenyeji alikuwa akilima karanga pia, katika kipande kidogo, kwa jembe la mkono, akizing'oa udongo ungali na unyevu. Tegemeo lake lilikuwa uwele, mtama na ng'ombe. Cha kuchekesha ni kwamba, mpango ulipokufa, warithi wake waligeukia ng'ombe, na ranchi ya taifa ya Kongwa ipo hadi leo. Mwaka 1964 majengo yaliyoachwa yalipata kazi nyingine: kambi ya wapigania uhuru, wakianza FRELIMO ya Msumbiji, kisha SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, alipita hapo. Sura hii haitajwi hata robo ya karanga zinavyotajwa.

Wapo wanaonionyesha soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani humohumo, kama ushahidi kwamba ardhi ya Kongwa ni nzuri. Mimi singekwenda mbali hivyo. Mahindi mengi ya Kibaigwa yanatoka Kiteto na wilaya nyingine jirani; soko limeota pale kwa sababu ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro. Linathibitisha tu kwamba mahali panaweza kufaa kwa jambo moja na kukataa jingine.

Sasa mkoa huohuo una mashamba makubwa ya vitalu ya BBT (Building a Better Tomorrow, mpango wa serikali wa kilimo kwa vijana) kule Chinangali, wilayani Chamwino. Anayeyapinga kwa kusema "Kongwa ilishindikana" anashika ushahidi usiofaa. Anayeyatetea kwa kusema teknolojia imebadilika naye anakwepa. Swali la Kongwa ni la kiofisi zaidi ya la kilimo: udongo umepimwa kwa misimu mingapi, na lengo la ekari liliandikwa kabla au baada ya vipimo?