Marisau ya tungsteni ni ya bata mzinga, si ya kanga

Katriji moja ya marisau, zile punje ndogo za kupigia ndege, ya tungsteni huku Marekani inauzwa dola 10 hadi 15. Kwa pesa ya Tanzania hiyo ni elfu ishirini na kitu mpaka karibu elfu arobaini, kwa mlio mmoja. Mtu wa Manyoni anayetoka alfajiri kutafuta kanga na kwale akisikia bei hiyo atauliza kama ndani wametia dhahabu. Ana haki ya kuuliza. Msimamo wangu ni kwamba kwa bata mzinga wa porini wa huku bei hiyo inaeleweka, na kwa kanga wa kwetu ni kutupa pesa.

Mambo yote yanaanzia kwenye uzito. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11 na kidogo. Bismuthi iliyochanganywa na bati ina 9.6, chuma 7.8, na tungsteni ya daraja la juu, ile inayoandikwa TSS kwenye boksi, ina 18. Kinachofanya punje ipenye ni uzito ulioko nyuma ya upana wake, ukubwa peke yake hausaidii. Ukitaka kulinganisha haraka, zidisha uzito huo kwa kipenyo cha punje. Risasi namba 4 (kumbuka namba ikipanda punje inapungua) ina milimita 3.3, inakupa 36 na ushee. Tungsteni namba 9, yenye milimita 2 tu, inakupa 36 na ushee hiyohiyo. Bismuthi namba 5 inakupa 29. Chuma namba 4 haifiki 26.

Yaani kapunje kadogo kama mbegu ya mchicha iliyonenepa kanapenya sawa na punje kubwa ya risasi, na kwa kuwa ni kadogo, zinaingia nyingi. Wakia moja, gramu 28, ya risasi namba 5 ina punje 170 hivi. Ya tungsteni namba 9 ina kama 360.

Wingi huo una maana kwa bata mzinga kwa sababu huyu ndege hapigwi mwilini. Dume ana kilo 7 hadi 11, kifua kimejaa nyama na manyoya yamepangana; ukimpiga hapo atakimbia akafie kichakani. Anapigwa kichwani na shingoni, kwenye ubongo na uti wa mgongo, shabaha nyembamba isiyozidi upana wa kiganja. Ndiyo maana wawindaji hupima kwa karatasi: bandika karatasi ya sentimita 90 kwa 90, simama yadi 40, karibu mita 36, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga moja. Chora duara la sentimita 25 pale punje ziliposongamana, uhesabu. Punje 100 ndani ya duara ndicho kiwango kinachokubalika. Tazama pia kama kitovu cha duara kiko pale ulipolenga; bunduki nyingi hupiga juu kidogo au pembeni. Kabla ya hapo rekebisha shabaha kwa katriji za bei rahisi, yadi 15 au 20, usichome dola kumi kumi kujua kwamba kioo cha kulengea kimepinda.

Makosa yanayoonekana zaidi ni mawili. La kwanza ni choki, ule mkazo wa mdomo wa mtutu. Watu hudhani tungsteni inataka choki ya kubana kupita zote. Punje hizi ni ngumu kuliko chuma cha mtutu na hazibonyei kama risasi, kwa hiyo ukizibana mno zinagongana pale mdomoni na kutawanyika ovyo, na choki yenyewe inaweza kuharibika. Choki iliyolegea kidogo mara nyingi inatoa karatasi nzuri zaidi. La pili ni umbali mfupi. Katriji inayokusanya vizuri kwenye yadi 40, kwenye yadi 10 bado ni donge la ukubwa wa ngumi. Bata mzinga akikujia miguuni, ambalo hutokea sana ukimwita vizuri kwa kuiga sauti ya jike, unaweza kumkosa kabisa na pesa zako zikaishia kwenye mti. Subiri anyooshe shingo. Akiwa amejivimbisha na kutandaza mkia, shingo imejikunja ndani ya manyoya. Lenga pale manyoya yanapokomea na ngozi nyekundu inapoanza.

Tungsteni inanishawishi zaidi kwenye bunduki ndogo. Katriji ya .410, bunduki ya mtutu mwembamba, yenye gramu 23 za tungsteni namba 9 ina punje kama 290, karibu sawa na geji 12, ile ya mtutu mpana, iliyobeba gramu 50 za risasi namba 5, na zinapenya zaidi kidogo. Mtoto wa miaka kumi na mbili, au mtu mwenye bega bovu, anapata kazi ya geji 12 bila teke lake. Aliye na geji 12 nzima na anayempiga bata mzinga yadi 30, risasi namba 5 iliyopakwa nikeli inamtosha, kwa dola mbili tatu. Asilipie sifa.

Tena soma boksi. Neno "tungsteni" peke yake halisemi kitu, kwa sababu kuna michanganyiko ya gramu 12 na ya 15, na hiyo ya 12 inakaribiana na risasi kuliko na TSS. Kama boksi halitaji gramu kwa sentimita ya ujazo, mfanyabiashara ana sababu zake.

Hesabu ya huku inabebeka kwa kuwa uwindaji wenyewe ni wa mgao. Missouri, kwa mfano, msimu wa kuchipua unaruhusiwa ndege wawili, na marisau yasizidi ukubwa wa namba 4. Boksi la katriji tano linatosha mwaka: tatu za karatasi, mbili za ndege. Na katika bei hiyo kuna kodi ya asilimia 11 ya shirikisho, ambayo kwa sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 inarudi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Mwindaji wa huku analipia pori kila akinunua katriji, na naona huo ni mpango ambao kwetu ungefaa kuigwa kabla ya kuiga katriji zenyewe.

Kwetu hesabu inageuka. Kanga ana kilo moja na robo hivi, anatembea kundi, anapigwa akiruka au akikimbia, mita 20 hadi 30. Hapo unataka marisau yaliyotanuka kidogo. Donge la tungsteni ama linamkosa ama linamsaga, na punje zinazompita zinawajeruhi wawili watatu nyuma yake ambao hutawaokota. Jioni moja inaweza kula katriji kumi. Zidisha mwenyewe.

Halafu kuna bunduki zenyewe. Nyingi zilizobaki mikononi mwa watu ni za mitutu miwili, za zamani, choki imechongwa humohumo na haifunguki. Hizo usizipitishie tungsteni wala chuma. Kikombe cha plastiki ndani ya katriji kikipasuka, punje ngumu zinachora mtutu, na pale penye mkazo chuma chembamba kinaweza kuvimba. Gobole silitaji hata. Kwa bunduki kama hiyo kwenye mabwawa ya bata, bismuthi ndiyo mbadala wa kweli: laini ya kutosha, haina sumu, kasoro yake ni kwamba punje hukatikakatika, basi usipige mbali. Marekani ilikataza marisau ya madini ya risasi kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Na kwa watu waliosikia ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliodhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri, sumu ya madini hayo haihitaji mhadhara.

Linalonikera ni kwamba mgodi mkubwa wa tungsteni barani uko Nyakabingo, Rwanda, na Kivu, mashariki ya Kongo, inachimbwa pia, kiasi kwamba sheria ya Marekani ya 2010 iliitaja kati ya madini ya vita. Uchina, inayotawala soko, ilibana usafirishaji wa tungsteni na bismuthi Februari 2025, na presha ya bei inatoka huko. Mawe yanatoka kwetu yakiwa unga, yanarudi sokoni yakiwa dola 15.

Kwa Waislamu: bismillahi unapofyatua, kisu kiunoni, na ukimkuta angali hai umchinje. Bata mzinga hupapatika sana hata akiwa ameshakwisha. Mkamate kwa tahadhari, kipi cha mguuni kinachana kiganja. Jikoni papasa nyama ya shingo kwa kidole kabla ya kupika, kwa sababu punje ya tungsteni haibonyei na jino ndilo litakalovunjika.

Wenye kadi ya kijani wananunua bunduki karibu kama raia; mwenye viza ya muda awe na leseni halali ya uwindaji kabla hajaishika, vinginevyo ni kosa la shirikisho. Na anayetaka kutia boksi kwenye begi la Dar kama zawadi ya mjomba, aache. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 haijali kwamba ni marisau ya ndege. Mjomba mpelekee darubini.