Kukadiria si kubahatisha, shemeji

Desemba tulikuwa Machame kwenye ubarikio wa mpwa wangu. Ndafu imebaki mifupa, mbege inazunguka, mara wingu likafunguka juu ya migomba na Kilimia kikaonekana. Nikamwambia mtoto kwamba kundi lile la nyota liko umbali wa miaka ya nuru 444 hivi, na umri wake ni miaka milioni mia na kitu.

Shemeji akadaka: “Hivi? Na kitu? Kitabu changu cha zamani kinasema 385. Hao wanabahatisha tu, halafu wanalipwa.” Watu wakacheka. Mimi nimenuna mpaka leo.

Haya, kwenye umbali nampa nusu. Mwaka 1997 vipimo vya setelaiti ya Hipparcos vilikisogeza Kilimia karibu mno, kwenye ile 385 ya shemeji. Ubishi ukaenda miaka mingi, hadi 2014 darubini za redio zilipopata 444, na setelaiti ya Gaia nayo ikaegemea huko. Njia ni ileile ya kutazama kidole kwa jicho moja, kisha kwa lingine, kikaonekana kuruka pembeni, ila hapa Dunia yenyewe ndiyo inahama upande wa pili wa Jua kwa miezi 6. Lakini ni nani walioshtukia ile 385? Wanaastronomia wenyewe. Shemeji hakuwepo.

La umri ndilo lililoniuma. Kundi la nyota ni rika: zimezaliwa pamoja, katika wingu moja la gesi. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa utamjua umri kwa kuuliza wenzake wa rika wamebaki wangapi. Kwa nyota, wanaotangulia ni manene. Nyota nzito huchoma haidrojeni yake kama kijana aliyepokea mshahara wa kwanza. Ndogo hubana matumizi. Basi unatafuta nzito kuliko zote ambayo bado haijachoka. Pale Kilimia, nyota iitwayo Alcyone imeshaanza kuchoka na kuvimba, na zilizoizidi sana uzito hazipo tena.

Tatizo la kundi changa ni kwamba hayo manene ni machache, tena yanajizungusha kwa kasi inayovuruga hesabu. Ndiyo maana akaitwa shahidi wa pili, lithiamu, elementi nyepesi iliyomo ndani ya nyota. Nyota ndogo hujikunja polepole na kupata joto, na joto likitosha lithiamu yote huteketea. Zile ndogo zaidi bado hazijafika huko. Ukiona mpaka uko wapi, umepata umri. Shahidi wa kwanza aliwahi kusema milioni 70 hadi 100. Lithiamu ikasema kama 125. Hiyo ndiyo “na kitu” yangu, shemeji. Ina mashahidi wawili, na kila mmoja anasema anaweza kukosea kwa kiasi gani. Dereva wa Hiace pale stendi ya Moshi anayekuambia “dakika tano tunatoka” hajawahi kukupa heshima hiyo.

Vumbi la angani nalo hufifiza nyota na kuzitia wekundu, kama Jua la jioni ukipita Bomang'ombe wakati wa kiangazi. Linahesabiwa pia.

Nilipochoka nikamuuliza yeye amezaliwa lini. Akatoa kitambulisho: 1 Januari 1964. Mama mkwe, aliyekuwa kimya muda wote, akasema hiyo aliandika karani. Yeye anachokumbuka ni kwamba siku ile walikuwa katikati ya kuchuma kahawa.

Januari. Kahawa. Machame. Haviendani.