Ufuta na presha

Katika makala yenu kuhusu ufuta mmeandika kwamba unashusha presha kwa sababu ya sesamini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbegu zake. Sawa, ila majaribio mengi ya aina hiyo ni ya watu wachache na wiki chache, kwa hiyo mtu asiache vidonge vyake kwa kijiko cha mafuta. Na hiyo kalsiamu mliyoisifia, nyingi imo kwenye ganda la mbegu na imeshikana na oksalati, kemikali ya mimea inayoizuia isifyonzwe. Mwili hauipati yote.

Lililonifurahisha ni habari ya sesamoli, kemikali inayozuia mafuta ya ufuta yasichache. Marehemu bibi, kule Ruangwa, alikuwa hakamui ufuta mbichi, lazima aukaange kwanza, na mafuta yake hayakuwa yakichacha upesi. Kumbe joto huigeuza sesamolini, kemikali nyingine ya ufuta, kuwa sesamoli!

Lakini sisi wakulima tuna kilio kingine: vibweta vinavyobeba mbegu kupasuka. Vya chini vikishakuwa njano unakata mashina, unafunga matita, unayasimamisha juu ya turubai. Ukichelewa siku tatu tu, upepo unakumwagia ufuta chini, na punje ile huiokoti. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, walitupatia aina za ufuta za Lindi 2002 na Ziada 94, tunashukuru. Aina isiyopasuka tutaipata lini?