Kuvuta ruksa, kuuza jinai: bangi na milango iliyopitia

Mtu mzima nchini Afrika Kusini anaruhusiwa kupanda bangi uani kwake, kuivuna, kuikausha na kuivuta faraghani, mbali na watoto. Anaweza hata kumgawia mtu mzima mwenzake. Lakini mwenzake akitoa noti ya randi ishirini na kumpa kama malipo ya mzigo ule ule, hapo ni biashara, na biashara ya bangi bado ni jinai. Msimamo huu ulitokana na uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa tarehe 18 Septemba 2018, kisha ukaingizwa kwenye sheria ambayo Rais Cyril Ramaphosa aliitia saini Mei 2024, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu. Wanasiasa nao wana mahesabu yao.

Sasa pandeni Kigali. Mwaka 2020 Rwanda iliidhinisha kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa, tena ya kusafirishwa nje. Mwenye leseni analima nyuma ya ua na kamera, kisha anauza ng'ambo. Mnyarwanda wa kawaida akivuta anaweza kufungwa, na muuzaji wa mtaani anaweza kufungwa maisha. Kwa hiyo Pretoria unavuta lakini huuzi, na Kigali unauza lakini huvuti. Mmea ni ule ule, bara ni lile lile, na kila serikali inasema imechukua njia ya busara.

Kwa maoni yangu, tofauti hii inatokana na mlango ambao mabadiliko yalipitia zaidi kuliko kitu kingine chochote. Afrika Kusini yaliingilia mahakamani. Gareth Prince, Rasta aliyesomea sheria, alizuiwa kuingia kwenye uwakili kwa sababu alishawahi kuhukumiwa kwa kukutwa na bangi na hakuficha kwamba ataendelea kuivuta. Alidai uhuru wa dini, akashindwa Mahakama ya Katiba mwaka 2002 kwa majaji watano dhidi ya wanne. Miaka mingi baadaye alirudi, safari hii hoja ikiwa ni haki ya faragha, na akashinda bila jaji hata mmoja kupinga. Ushindi ule ulikuja na mpaka wake. Faragha inamlinda mtu na anachofanya ndani kwake, ila haimpi haki ya kufungua duka. Jaji Raymond Zondo, aliyeandika hukumu ile, hangeweza kuhalalisha soko kwa hoja hiyo hata kama angetaka.

Wanaoutetea mpaka huo wana hoja nzito. Bila soko halali hakuna kampuni ya kubandika matangazo karibu na shule, wala wa kutengeneza pipi zenye bangi kwa rangi za kuvutia watoto. Thailand ni funzo la karibuni. Juni 2022 iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla ya kuwa na sheria kamili ya kuisimamia, maduka yakachipuka kila kona ya Bangkok, na Juni 2025 serikali ikarudi nyuma na kudai cheti cha daktari. Ukifungua soko kabla ya kuweka kanuni, kulifunga tena ni kazi.

Hata hivyo, sheria ya kuvuta bila kununua inampendelea mwenye uwanja. Aliyepanga chumba kimoja Khayelitsha, mtaa wa walalahoi Cape Town, akichangia bomba la maji na wapangaji wengine, atapanda wapi? Atanunua kwa muuzaji wa mtaani, ambaye mzigo wake haukaguliwi na mtu: haijulikani una nguvu kiasi gani wala umechanganywa na nini. Sielewi namna hiyo inavyolinda afya ya yeyote.

Wapo pia wakulima wa Mpondoland, Rasi ya Mashariki, waliosomesha watoto kwa bangi vizazi kwa vizazi, huku helikopta za polisi zikiwamwagia dawa ya kuua magugu mashambani. Ungetegemea hukumu ya 2018 iwe sherehe kwao. Badala yake watu wa mijini walianza kujilimia wenyewe, ndani ya nyumba na chini ya taa, na bei ya bangi ya shambani ikaporomoka. Mkulima aliondolewa hofu ya helikopta, akaondolewa mteja pia.

Lesotho, ndani kabisa ya Afrika Kusini, ilipitia mlango wa fedha za kigeni. Mwaka 2017 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni za bangi ya dawa. Wawekezaji walikuja, mabanda ya kisasa yakajengwa, ajira zikapatikana, na hilo si dogo kwa nchi yenye uchumi mwembamba. Ila ada ya leseni ilikuwa maelfu kwa maelfu ya maloti, na mnunuzi wa Ulaya anadai viwango vya kiwanda cha dawa. Mwenye nusu ekari mlimani, ambaye babu yake aliijua bangi kabla ya mwekezaji kuzaliwa, alibaki mvunja sheria kama zamani.

Uruguay ilijaribu njia nyingine mwaka 2013. Mkazi hujisajili na kuchagua moja: kulima miche isiyozidi sita, kujiunga na klabu, au kununua kwenye duka la dawa kwa kiwango maalumu. Matangazo hayaruhusiwi. Soko lipo, lakini serikali imelishika shingo. Naiona kama jibu bora zaidi kwa pande zote mbili, ingawa inahitaji serikali yenye uwezo wa kusimamia duka moja moja, na si kila nchi inao.

Kwetu mjadala umeshachagua mlango. George Wajackoyah alipogombea urais wa Kenya mwaka 2022, aliinadi bangi kama zao la kulipia deni la taifa. Alipata chini ya nusu asilimia ya kura, lakini hoja ya dola ilibaki midomoni. Tanzania, mkulima anakabiliwa na kifungo kinachoweza kufika miaka 30, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inafyeka mashamba Arumeru na Tarime. Wanaotaka sheria ilegezwe kwa hoja ya dola wangeanza kwa kutuambia ada ya leseni itakuwa shilingi ngapi, na yule aliyefyekewa shamba Kisimiri, Arumeru, ataruhusiwa kuiomba au rekodi yake ya polisi itamfungia mlango.