Darasa Lililomfuata Nyerere Ikulu

Kila inapofika Oktoba, Tanzania inapomkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, hurudi hoja kwamba alitawala kwa moyo kuliko kwa hesabu, na kwamba matatizo ya uchumi ya miaka ya sabini yaliletwa na mtu aliyetaka nchi nzima ifanane na maisha aliyoyapenda yeye. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba aliyoyapitia kiongozi ni ukungu tu machoni pake, ilhali mara nyingi ndiyo yanayomwonyesha kile ambacho taarifa za wizara hazikioni.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, na nafasi hiyo aliipata zaidi kwa sababu serikali ya kikoloni ilitaka watoto wa machifu wasome. Wengi wa rika lake walibaki nyumbani, na si kwa uhaba wa akili. Baada ya Tabora, Makerere na Edinburgh alifundisha Pugu, hadi mwaka 1955 alipolazimika kuchagua kati ya darasa na TANU, chama kilichodai uhuru. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba ualimu aliuchagua, bali siasa ilimjia kwa bahati tu.

Mtu wa namna hiyo anapoingia Ikulu hawezi kuutazama ujinga wa kusoma kama tarakimu. Mwishoni mwa miaka ya sitini takriban watu wazima wawili kati ya kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa vipimo vya serikali, waliobaki walikuwa chini ya asilimia 10. Takwimu hiyo inahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu wapo wanaoitilia shaka na wana sababu nzuri: kufaulu jaribio la kisomo si sawa na kusoma gazeti, na waliokosa vitabu vijijini walisahau upesi. Hata hivyo, tukiikata kwa kiasi kikubwa, bado tunabaki na mamilioni ya wakulima waliokaa jioni chini ya miti na katika madarasa ya watoto wao, wakijifunza herufi kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, migomba na ng'ombe wao wenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na vyoo vikachimbwa. Hayo hayakuwa mapenzi matupu. Ni mwalimu aliyejua kwamba mtu mzima hujifunza haraka pale somo linapogusa shamba lake.

Ndivyo ninavyouelewa pia uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974, wa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote. Mchumi angeweza kushauri kwamba fedha ziende kwanza sekondari, zitoe mafundi na mahasibu, na gharama ya kutomsikiliza ilionekana: sekondari zilibaki chache mno, na walimu wengi wa mpango huo wa elimu kwa wote, UPE, walikuwa wenyewe wamemaliza darasa la saba tu. Lakini mtu aliyefika shuleni kwa sababu ya kiti cha baba yake alikuwa na haki ya kukataa mlango uendelee kuwa wa wachache.

Upande wa pili una nguvu zaidi tunapofika kwenye vijiji. Wakosoaji husema kwamba maisha ya ujamaa ni matamu yakitazamwa kutoka nyumbani kwa chifu, na kwamba mkulima wa kawaida angeyaeleza vingine. Sina jibu jepesi. Mwaka 1967 sera ya ujamaa vijijini ilisisitiza ushawishi na hiari; Novemba 1973 ikatoka amri kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa mwaka 1976, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Ukame ulizidisha njaa, lakini amri ile haiwezi kusingiziwa mvua. Ninachokataa ni kusema kwamba hapo aliongozwa na uzoefu. Litowa na vijiji vingine vya Ruvuma vilijiunda kwa hiari ya wanakijiji, naye aliviunga mkono, kisha mwaka 1969 chama kikauvunja umoja wao. Mwalimu aliyejua kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kushiriki aliruhusu wanafunzi wake bora wanyamazishwe. Aliteleza pale alipokiacha alichokijua.

Mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliandika waziwazi kwamba nchi haikuwa ya kijamaa wala ya kujitegemea; alisahihisha kazi yake mwenyewe mbele ya darasa zima. Na alipoachia urais mwaka 1985 hakutumia lugha ya kustaafu ya maofisini. Alisema anang'atuka, neno alilolitoa katika Kizanaki, la rika la wazee kuwaachia nafasi wanaofuata. Wanaosema kwamba Butiama ilimfumba macho wanapaswa kutueleza pia alikolitoa neno hilo.