Pesa ya bati isiwe mali ya kampuni kabla bati hazijatoka ghalani

Siku lori lilipokuja kubeba bati, mama mdogo alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kadi yake mkononi. Kadi ya manjano, imekunjwa mara mbili, ina mihuri 7, na kila muhuri ni shilingi 120,000. Alikuwa akilipia kidogo kidogo bati 40 za geji 30, bei 28,000 kila moja. Alishafikisha 840,000, yaani bati 30 kamili. Alizihesabu zikipakiwa, midomo ikicheza. Akanigeukia: "Mwanangu, zangu si zimo mle? Sasa wanazipeleka wapi?"

Sikumjibu pale pale. Mzigo wote wa ghala ulikuwa umewekwa dhamana benki, kampuni imeshindwa kulipa, na mwenye dhamana amekuja kuchukua chake. Kampuni siitaji jina, maana mambo yake bado yako kwa mfilisi, yaani mtu aliyepewa kazi ya kukusanya mali ya kampuni iliyoanguka na kuigawa kwa wanaoidai. Aliyewahi kununua vifaa vya ujenzi hapa Tabora miaka ya karibuni pengine ameshaielewa.

Asiyeishi huku anaweza kushangaa mtu analipiaje bati asizoondoka nazo. Pesa ya tumbaku haiji kila mwezi. Mkulima wa Sikonge au Urambo anasubiri masoko, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inakata pembejeo, na kinachobaki kinaingia kwa mkupuo. Kikilala nyumbani wiki mbili, ada imekigusa, msiba umekigusa, ndugu wa mbali naye ameshasikia. Ukikipeleka dukani kikagongewa muhuri, kimepona. Kwa watu wetu muhuri ule ni kibubu, na hakuna aliyewaambia kwamba kisheria ni kama mkopo. Mama mdogo alikuwa anaikopesha kampuni bila riba na bila dhamana, na hakujua.

Kampuni ikiingia kwenye ufilisi, kila mdai anapangwa kwenye foleni. Mwenye dhamana anachukua kilichowekwa dhamana. Gharama za ufilisi zinatolewa, ujira wa mfilisi ukiwemo. Zinafuata kodi za serikali na mishahara ya wafanyakazi, kwa viwango vilivyowekwa na sheria. Hapo ndipo wanapofikiwa wadai wa kawaida: aliyeuza mbao kwa mkopo, aliyepaka rangi duka, na mama mdogo. Wote wanagawana masalia kulingana na madai yao, na mara nyingi masalia hayo ni senti chache kwa kila shilingi, au hakuna kabisa.

Lakini bati si ameshazilipia? Swali hili naulizwa kila wiki pale steshenari, jirani na mahakama, ninakojaza fomu za watu. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inasema mali isiyobainishwa haihamii kwa mnunuzi. Bati 30 zilizo ndani ya rundo la bati 2,000 si za mteja yeyote mpaka zitengwe. Kama zingetolewa kwenye rundo, zikafungwa na kuandikwa jina lake kwa chaki, tungekuwa na hoja nzito mbele ya mfilisi. Tofauti kati ya kuezeka na kutoezeka ilikuwa kipande cha chaki! Jambo hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu kumwambia mteja hivyo siku ya muhuri wa kwanza kusingemgharimu mtu yeyote hata shilingi.

Wengine walikimbilia Mahakama ya Mwanzo. Nawaelewa, ila mahakama ikishaamuru kampuni ifilisiwe, kesi dhidi yake haziendelei bila ruhusa ya mahakama. Ni lazima upeleke dai lako kwa mfilisi ukiwa na uthibitisho. Wengi hata hawakuliona tangazo lenyewe. Lilitoka gazetini, na shauri liko Dar es Salaam, kilomita 800 na ushee kwa reli. Tunaijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa, lakini jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Hilo neno la katikati huku kwetu ni kama halipo, maana sijawahi kusikia mtu akifundishwa maana yake kwenye mkutano wa kijiji.

Sasa nije kwa wakurugenzi. Mmoja wao alijiondoa miezi michache kabla ya mlango kufungwa. Mtaani wakasema, "Huyo ameshatoka, hamumpati." Si kweli, na naomba uvumi huu ufe. Kuacha ukurugenzi kunakuondolea wajibu wa yale yatakayofanywa baada yako, hakufuti uliyoyafanya ukiwa kwenye kiti. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, mahakama inaweza kumchunguza aliyekuwa mkurugenzi kama alitumia vibaya mali ya kampuni, ikamwamuru airudishe. Na ikithibitika kwamba biashara iliendeshwa kwa nia ya kuwalaghai wadai, waliohusika kwa kujua wanaweza kubebeshwa madeni wao wenyewe, kutoka mifukoni mwao.

Muhuri wa mwisho kwenye kadi ya mama mdogo uligongwa siku 9 kabla ya duka kufungwa. Siku 9! Wafanyakazi wanasema mzigo mpya ulikuwa haujaingia kwa muda mrefu. Simhukumu mtu, hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini aliyekuwa na vitabu mezani alijua nini siku ile pesa ya mwanamke yule ilipopokelewa? Swali hilo ni halali, na mfilisi ana wajibu wa kuliuliza.

Kinachokwamisha ni kwamba kesi ya namna hiyo inataka wakili, mkaguzi wa hesabu na muda, na kampuni iliyofilisika haina pesa ya kuigharamia. Kamba hukatikia pabovu. Benki ilishajilinda mapema: ilimtaka mkurugenzi adhamini mkopo kwa nyumba yake mwenyewe. Mama mdogo alitaka muhuri tu.

Kwamba kampuni ni mtu na mwenye kampuni ni mtu mwingine, tulilirithi kwa Waingereza. Mwaka 1892 mtengeneza viatu wa London aitwaye Aron Salomon aligeuza biashara yake kuwa kampuni. Mkewe, binti yake na wanawe 4 walipewa hisa moja moja, yeye akabaki na 20,001, pamoja na hati za deni zenye dhamana za pauni 10,000. Kampuni ilianguka haraka na wadai wa kawaida hawakuambulia kitu. Mahakama ya juu kabisa, katika hukumu iliyochapishwa mwaka 1897, ikasema Salomon hadaiwi. Sipingi kanuni hiyo. Bila kinga ile, nani angethubutu kufungua kiwanda Tabora?

Ila Waingereza hao hao walitoa hukumu nyingine ambayo natamani ibandikwe kwenye kila duka linalopokea malipo ya awali. Kampuni ya Kayford ilikuwa ikiuza bidhaa kwa posta, wateja wakilipa kabla ya kupokea. Ilipoona mambo yanakwenda mrama mwaka 1972, ilishauriwa iweke pesa za wateja kwenye akaunti ya peke yake. Ikafanya hivyo, kisha ikafilisika. Jaji Robert Megarry akaamua kwamba pesa ile haikuwa ya kampuni, ilishikiliwa kwa amana, yaani kampuni iliwatunzia tu wenyewe, na irudi kwa wateja. Alieleza pia kwamba baadhi ya watu wa kawaida hawana uwezo wa kubadilisha pesa yao kwa haki ya kungojea mgawo wa ufilisi. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini majaji wetu husoma za Uingereza, na wakili mzuri anaweza kuitumia.

Hicho ndicho ninachokitaka. Pesa ya mteja ambaye hajapewa mzigo ikae kwenye akaunti ya amana, kampuni isiiguse mpaka bati zitoke. Mkurugenzi akiigusa, deni limfuate yeye, awe bado yuko kwenye kiti au ameshatoka. Wafanyabiashara wataniambia mtaji utakauka. Lakini huo haukuwa mtaji wenu, ulikuwa bati za watu. Kwa waweka akiba wa benki tulishakubali kwamba mnyonge analindwa kwanza: Januari 2018 Benki Kuu ilipofunga benki 5, Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa na kinga ya hadi shilingi milioni 1.5 kwa mteja, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi milioni 7.5. Aliyeweka 840,000 benki analindwa. Aliyeiweka kwenye kadi ya manjano halindwi.

Uingereza pia, tangu sheria yao ya ufilisi ya mwaka 1986, mkurugenzi wa kampuni iliyofilisiwa hawezi kutumia jina lile lile au linalofanana nalo kwa miaka 5 bila ruhusa, na akikaidi anabeba madeni mwenyewe. Ningefurahi kuona jambo hilo likisimamiwa hapa, maana kubadilisha neno moja kwenye bango la duka ni kazi ya asubuhi moja.

Wiki iliyopita tulijaza dai la mama mdogo. Fomu iliuliza ana dhamana gani. Akanisogezea kadi. Nikamweleza kwamba kadi ni ushahidi wa deni, si dhamana, kisha nikaandika "hakuna". Alinyamaza kidogo, akauliza kama nimeandika na nauli zake za kutoka Sikonge.

Kama nawe una kadi ya namna hiyo, usimpe mtu ile halisi, hata akikuambia anatoka kwa mfilisi. Toa nakala mbili, pande zote mbili za kadi, na kama ulilipa kwa simu chapisha na ujumbe wa muamala. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Tarehe ya mwisho iko kwenye tangazo. Tumelibandika dirishani pale steshenari, na kujaza fomu hatulipishi.