Injini ya Toyota ndani ya Peugeot 404? Mimi nakataa

Ukimwonyesha fundi wa huku Jinja, Uganda, gari la zamani lililolala miaka mingi, jibu linakuja hata boneti haijafunguliwa: bosi, hii injini ishakufa, tutoe tuweke ya Toyota. Sikubali kabisa, na nitalisema hili mpaka watu wachoke kunisikia.

404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo, kwenye tope na vumbi la hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Injini yake ya sisii 1,618 imelazwa upande nyuzi 45, na slivu zake, yaani mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazungukwa na maji, ikichakaa unaichomoa unaweka nyingine, bloki huigusi. Waliounda walijua siku moja itachoka wakaacha njia ya kuirudisha. Sasa wewe unaing'oa kwa sababu imejamu tu, yaani imeshika haizunguki? Na ukiing'oa haiishii hapo, utakata sehemu za kuifungia injini, gia za kwenye usukani zinapotea, mwisho unabaki na bodi ya Peugeot imevalishwa juu ya Toyota.

Kujamu sio kufa jamani. 404 ya baba mdogo ilikaa chini ya mwembe mpaka kuku wakawa wanataga siti ya nyuma. Tukatoa plagi zote, tukamimina dizeli na oili ya gia za otomatiki kwenye kila tundu tukaiacha ilowe, na betri hakuna kugusa, maana stata haina huruma, ringi ya pistoni iliyoshikwa na kutu inavunjika hapo hapo. Baadaye unaweka spana kubwa kwenye nati ya puli ya mbele ya injini, unasukuma kidogo unarudisha kidogo, ikigoma unaongeza dizeli unasubiri tena. Siku ilipoachia nilisikia mkononi kabla ya masikio, spana ikalegea kama robo mzunguko na tundu moja likatema maji ya rangi ya chai, baba mdogo akapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Tangi usiliamini, petroli ya zamani inageuka gundi na ikiingia kabureta inaiziba, kwa hiyo tuliwasha kwa petroli safi ya jerikeni kwanza. Nyaya zilikuwa zimeliwa na panya, hizo tulibadilisha zote.

Naambiwa spea hakuna. Ni kweli Kisekka, soko la spea pale Kampala, utazunguka sana, lakini bushi na vitu vidogo vya chuma mafundi wa Katwe, hapo hapo Kampala, wanachonga vizuri ukiwapelekea sampuli. Halafu kumbukeni tangu 2018 sheria imezuia kuingiza magari yenye miaka 15 na zaidi, 404 nyingine kutoka nje usiitegemee, hizi zilizoko nchini ndio hizo hizo, na kila wiki kuna moja inakatwa vipande kwa gesi iuzwe kilo.

Rangi bado hatujapiga na watu wananiuliza sana. Rangi itangoja, gari linalowaka bila breki ni hatari kuliko lililolala. Ninachotafuta sasa ni silinda za breki za magurudumu ya nyuma, kama una 404 ambayo bodi imeliwa yote na kutu, iwe Masaka, Mbale ama Arua, usiwape watu wa chuma chakavu, niambie kwanza nije niitazame.